Jani la Isale Shuleni kwa Masista

Enzi zetu pale shuleni kwa masista, kengele ilikuwa ringi kuukuu ya gari, na ikilia tu unasikia miguu ikikimbia kwenye migomba. Najua wenye mvi watanicheka nikisema enzi zetu, maana ndevu zangu bado zinahesabika. Lakini ninyi tuliopanda mlima pamoja asubuhi, kuni kichwani na sweta zimelowa ukungu, mtanielewa. Mnakumbuka harufu ya maua ya kahawa baada ya mvua za kwanza? Mnakumbuka makande ya Ijumaa, na tulivyogombea ukoko?

Nyumbani tulikuwa Walutheri. Mama aliniambia siku ya kwanza, "Mungu ni huyo huyo. Wewe kasome." Nikasoma. Kusema ndiko kulikonishinda. Mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua vizuri, ulimi ulikwama kama trekta la kule bondeni Chekereni kwenye tope la mpunga. Wenzangu wakaniita Bubu.

Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa shule, darasa la nne liliigiza historia yake. Tuliijua kama Baba Yetu. Masista wa kwanza walikuja wakiwa wageni, wakafundisha wasichana wachache kwenye banda la kukaushia kahawa, huku wazee wakiuliza nani sasa atakata majani ya ng'ombe. Meku mmoja, yaani mzee, aliyekuwa na kihamba cha jirani, shamba la ukoo la migomba na kahawa, akawapa kipande cha kujenga. Kumbe sista mkubwa hakuijua mimea ya kwetu. Siku ya kusafisha kiwanja aling'oa masale yote ya mpakani, ile mimea ya majani marefu tunayowekea mipaka, akidhani ni magugu. Kwetu, kung'oa isale la mpaka ni kumtukana mtu pamoja na babu zake. Meku akatuma neno: waondoke. Shule ingefia pale pale, kama mama mmoja jirani asingemfundisha sista kwenda kwa meku na jani la isale lililofungwa fundo, kuomba msamaha. Jani hilo halikataliwi.

Mwaka wetu, mwalimu mkuu, Sista Konsolata, alinichagua mimi niwe meku. Nikamsihi aninusuru. Akasema, "Meku haongei, mwanangu. Ana neno moja tu: nimesamehe. Hilo nalo likushinde?" Wiki nzima nililirudia nikilisha ng'ombe, hadi ng'ombe wakalizoea. Nilijua nikikwama mbele ya wazazi wote, jina la Bubu litanifuata mpaka uzeeni.

Siku ikafika. Nikavikwa koti la babu, nikashikishwa mkongojo. Sista mkubwa aliigizwa na Genoveva, msichana ambaye mdomo wake haukujua Jumapili. Akapiga magoti, akaninyooshea isale. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mtoto mchanga akalia, akanyonyeshwa, akalala, mimi bado nimesimama. Genoveva akanong'ona, "We Bubu, pokea basi! Magoti yananiuma!" Nyuma vicheko vikaanza.

Ndipo Bibi Filomena, mmoja wa wale wasichana wa banda la kahawa, akainuka kwenye viti vya mbele.

"Nyamazeni," akasema. "Meku alinyamaza hivi hivi. Tulidhani shule imekufa. Mwacheni huyu baba achukue muda wake."

Akaketi. Uwanja mzima ukatulia, wakaningoja, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka. Nikalipokea jani.

"Nimesamehe," nikasema, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe.

Vigelegele vikapaa. Genoveva akainuka akijisugua magoti: "Umetuchelewesha, meku! Shule ingejengwa lini?"

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Bubu tena, na darasani nikaanza kunyoosha mkono, taratibu.

Siku hizi shule ina ukumbi wa vigae na spika kubwa kama makabati. Mwaka jana nilikwenda kutazama igizo. Watoto wa sasa ni hodari, hawaogopi mtu, ila sista alisamehewa kabla goti halijagusa sakafu. Nadhani waigizaji walikuwa na katuni ya kuwahi nyumbani. Nilicheka, nikapiga makofi kama wengine. Kisha nikawakumbuka masista wetu na wale wazee wa viti vya mbele, nikawashukuru moyoni. Leo mtoto akikwama, wanamsogezea maikrofoni. Sisi walitungoja.