Gurudumu la Meno Tisa

Kadidja ndiye aliyeileta habari kisimani: Mzee Amuri amefuga jini nyuma ya nyumba yake, na jini lenyewe linasaga meno mchana kutwa.

"Nimelisikia mimi mwenyewe. Kriii, kriii. Mama Aruna, mutoto wako usimupitishe pale."

Sikuzani, mama yake Aruna, akampitisha palepale, mgongoni, kikapu cha chikichi kichwani. Chikichi nyingine nyumbani zilikuwa zinaoza, na miguu yake ilikuwa imechoka kuzikanyaga zitoe mafuta.

Amuri alizaliwa Ujiji, akaja Rumonge kuchonga mitumbwi, akazeekea hapo. Mwaka uliopita Wadachi walimwita bomani atengeneze mlango wa ghala. Humo ghalani aliikuta mashine ya chuma ya kukamua mawese. Mlango wa siku mbili aliutengeneza siku sita, macho yote kwenye ile mashine. Kisha ikatoka amri: chikichi zote zikamuliwe bomani, na nusu ya mafuta ibaki hukohuko. Amuri akaingia msituni na shoka lake.

"Amahoro, baba."

"Amahoro, binti yangu. Umekuja kumuona jini?"

Jini lilikuwa magurudumu mawili ya mti mgumu. Kubwa limelala, dogo limesimama pembeni yake, na meno ya hili yanaingia katikati ya meno ya lile.

"Dogo iko na meno tisa," alisema Amuri. "Kubwa thelathini na sita. Ukizungusha dogo mara nne, kubwa linazunguka mara moja tu. Linakwenda polepole, lakini linasukuma kwa nguvu za watu wanne. Mimina chikichi zako, ushike mpini."

Sikuzani akazungusha. Gurudumu kubwa likageuka taratibu, likashusha parafujo ya mti juu ya chikichi zake, na mafuta mekundu yakaanza kuchuruzika. Mtoto mgongoni hakuamka hata.

Askari wa boma aliwakuta hapo.

"Mzee, bwana mkubwa amesema mashine iko moja tu hapa Rumonge."

"Kamwambie ziko mbili."

"Utakula kiboko."

"Nimeshakula. Yake jino likivunjika, inangoja meli ya Ulaya. Yangu inangoja nimalize ugali, nichomeke jino jingine."

Askari alitazama mafuta, akameza mate. "Nakwenda kuita wenzangu. Tunarudi na moto."

Alipoondoka, Sikuzani alidhani mzee atamkimbilia kumwomba msamaha. Amuri alichukua nyundo, akagonga kigingi, akalichomoa gurudumu dogo. Lilikuwa na ukubwa wa sahani. Lilimlia miezi minne na magogo matatu, kwa sababu jino moja likikosea kwa unene wa ukucha, yote yanakwama.

"Hilo kubwa waache wachome. Nikiwa na hili la kupimia, nachonga jingine kwa wiki moja. Na watu watakamua kwangu, nusu ya mafuta yao haiendi popote."

Vumbi lilikuwa limeanza kuonekana upande wa boma. Amuri akalipangusa gurudumu kwa kanzu yake, akamgeukia Sikuzani.

"Mama Aruna, muhamishie mutoto kifuani. Hili nikufunge nalo mgongoni, tulifunike nguo vizuri, upite mbele yao polepole kama mtu anayebembeleza mutoto. Utanipitishia, binti yangu?"