Baraka ya Mheshimiwa

Mara ya kwanza watoto wangu wa Shule ya Jumapili kuwaombea viongozi wa nchi, walimaliza kabla sijafumba macho vizuri. "Mungu bariki viongozi wetu wape hekima na afya amina." Pumzi moja tu, kisha mmoja akauliza kama biskuti zipo. Nilikasirika. Si kwa ajili ya biskuti, maana hata mimi nilizitaka. Nilikasirika kwa sababu hekima na afya ni maneno waliyookota kwetu sisi wakubwa, na sisi tunayatumia vilevile, kama mtu anayemsalimia jirani huku ameshampita.

Kazi hiyo niliagizwa na mchungaji. Siku ya maombi ya taifa ilikuwa inakaribia, na mheshimiwa anayeuwakilisha mtaa wetu katika baraza la mji angekuja kanisani. Mchungaji alitaka watoto wasimame mbele wamwombee. "Watoto wana sauti safi," aliniambia. Asilolisema, na sote tulilijua, ni kwamba paa la kanisa linavuja na mheshimiwa alikuwa ametaja mabati.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule pale Oli, pembeni mwa mji wa Arua, na Jumapili nafundisha watoto katika chumba cha nyuma ya kanisa, kati ya ngoma na mifuko ya saruji. Tunatumia Kiswahili kwa sababu hatuna lugha nyingine ya kutuweka pamoja: wapo watoto wa Kilugbara, wapo wa Kikakwa, na wengi walikuja na mama zao kutoka Sudan Kusini. Mimi Kiswahili nilikikuta nyumbani Lurujo, kule Koboko, kwa baba yangu aliyekuwa askari. Nilipompigia simu kumwambia kwamba nafundisha watoto kuiombea serikali, alicheka mpaka akakohoa.

"Serikali hapana ombea," alisema. "Serikali iko ya kupigia saluti tu."

Nilikata simu nikiwa nimemkasirikia na yeye pia. Mimi naamini kabisa kwamba tumeagizwa kuwaombea wenye mamlaka, wema kwa wabaya. Wao wakikosea, anayelala njaa ni mtoto wa Oli. Sasa kama hata mtoto huyo hatafundishwa kuomba kwa moyo, nani ataomba? Wazee wetu wameshakata tamaa, na vijana wanaomba visa.

Darasani kwangu kulikuwa na msichana mmoja ambaye hakuwaombea viongozi kabisa. Alikuwa na miaka kumi hivi, anaishi na shangazi yake ng'ambo ya mto. Walivuka mpaka kwa njia ya Koboko akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Nyimbo aliimba, mistari aliikariri kuliko wenzake wote, ila tukifika kwa viongozi alifunga mdomo akaangalia vidole vya miguu yake. Wenzake wakaanza kumchongea. "Ticha, huyu hapana omba." Siku moja nikamkalisha baada ya darasa.

"Unawaogopa?"

"Hapana, ticha."

"Unawachukia?"

Alifikiri. "Mimi iko na maneno na yeye."

"Na nani?"

"Ule mukubwa ya daraja."

Nilimwelewa mara moja, na Oli nzima ingemwelewa. Wakati wa kampeni mheshimiwa alikuja mpaka kwenye yale magogo mawili tunayovukia mto, akasimama juu yake na viatu vyake vya kung'aa, akaahidi daraja. Alimshika mkono shangazi wa msichana, ambaye kwa ukimbizi wake hata kura hana, akamwambia, mama, mvua ijayo itakukuta unavuka hapa umevaa viatu virefu. Watu walipiga vigelegele, na mimi nilipiga. Mvua ikaja, daraja halikuja. Shangazi aliteleza akiwa na beseni la dagaa kichwani, mguu ukavunjika, na ulipounga uliunga vibaya. Tangu siku hiyo anakaa mlangoni akipanga mafungu, na msichana ndiye anayevuka kwenda kuyauza sokoni akitoka shule.

Ningemwambia nini? Kwamba asamehe? Neno hilo ni jepesi sana kinywani mwa mtu mwenye miguu miwili mizima. Ndipo nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, wa kule Logiri.

Kwao bibi, mtu habarikiwi hivi hivi. Binti akiolewa, au kijana akienda safari ndefu, ukoo huketi kwanza, na kila aliye na jambo moyoni dhidi yake hulitoa mbele ya watu. Ulinipita sokoni hukunisalimia. Ulikula nyama ya msiba wa kaka yangu na kuni hukuleta. Mwenyewe husikiliza tu, hajibu. Yakishakwisha yote ndipo maji huletwa, baraka zikatamkwa, na watu wote wakaitikia. Bibi alikuwa mkali juu ya jambo hilo. Alisema baraka ya mtu mwenye kitu tumboni haifiki, inaishia njiani. Na yule ambaye alikuwa hajatoa lake alinyamaza wenzake wakiitikia, na hakuna aliyemlaumu. Walimsubiri.

Basi nikawafundisha watoto hivyo. Mwambie kiongozi ulilonalo moyoni, bila tusi. Ukimaliza sema, nimesema, imeisha. Kisha mbariki. Jumapili hiyo chumba chetu cha saruji kilichangamka. Mtoto mmoja alisema wakubwa wa umeme wanauzima mpira ukiwa umefika penalti. Nimesema, imeisha, sasa Mungu wape na wao televisheni nzuri. Mwingine aliwasemea wakubwa wa shule kuhusu vyoo, kwa urefu, mpaka ikabidi nimwombe afupishe. Lakini walikuwa wanaomba. Kwa mara ya kwanza waliwaona viongozi kuwa ni watu, wenye macho na matumbo, wanaoweza kukosewa na kukosea. Hakuna aliyeuliza biskuti.

Msichana wangu alichelewa. Jumapili moja alinyamaza. Iliyofuata alisema habari ya magogo, beseni na mguu, kwa sauti ndogo, mpaka mwisho. Akasema nimesema, imeisha, halafu akakwama.

"Ticha, baraka hapana kuja."

"Isubiri," nilimwambia. "Hailazimishwi."

Siku moja akapita kwenye cherehani yangu na beseni kichwani. "Ticha, imekuja." Nilisimamisha gurudumu, nikamwomba niisikie. Akakataa. "Hapana. Hii iko yake." Nilifurahi siku nzima, na sare moja niliishona mfuko kinyume kwa furaha hiyo.

Mchungaji naye alimtaka msichana huyo huyo asimame mbele. Anakariri vizuri, alisema, tena ni mtoto wa wakimbizi, mheshimiwa ataona kanisa letu linapokea wote. Nilimweleza namna tunavyoomba. Nilimweleza kwa makini, habari ya kutoa kwanza ndipo kubariki, huku yeye akihesabu viti vya wageni kwa kidole. "Sawa, mwalimu, sawa. Isiwe ndefu tu," akasema. Kama mtu ana masikio mawili na ameyaacha kwenye viti, mimi nimfanyeje?

Siku yenyewe mheshimiwa alikalishwa mbele, kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe. Mtoto wa umeme alianza. Kanisa likacheka, mheshimiwa akacheka, mchungaji akacheka kidogo. Kisha msichana akapewa kipaza sauti. Hakugeukia madhabahu. Alimgeukia mheshimiwa, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha kwamba anayebarikiwa ndiye anayetazamwa.

"Mheshimiwa, mimi iko na maneno na wewe," alisema. "Wewe nasema utaleta daraja. Daraja hapana iko. Shangazi yangu naanguka na beseni, mguu yake navunjika. Sasa yeye hapana tembea. Nimesema, imeisha." Akainua mkono wa kulia. "Sasa..."

Kipaza sauti kikafa. Mchungaji alikuwa amempungia mkono kijana wa mitambo. Kinanda kikalia juu, kwaya ikasimama bila kuitwa, na msichana akabaki pale, mkono umeinuliwa, midomo ikienda, wala sauti haisikiki. Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Kwanza huyo hata si wa hapa." Mheshimiwa aliangalia viatu vyake, kisha simu yake. Chakula hakukigusa, na mabati hakuyataja.

Nimewashonea watu wengi wasiojua wanachotaka, lakini sijawahi kuwa na hasira kama ya mchana ule. Walimwachia mtoto aseme uchungu, wakamnyamazisha alipofika kwenye wema. Mheshimiwa akaenda zake akiamini kwamba aliitwa kanisani kuaibishwa, wakati baraka iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili yake, ile ambayo mtoto aliihangaikia wiki nzima, ilibaki kanisani.

Mchungaji aliniita pembeni. "Umetuaibisha, mwalimu. Mtoto atakwenda kuomba radhi."

"Ulimkata kwenye 'sasa'," nilimwambia. "Ungengoja kidogo tu ungesikia baraka."

"Baraka gani baada ya matusi?"

"Tusi ni lipi? Daraja lipo? Mguu ni mzima?" Nilijua sauti yangu imepanda, nikaiacha ipande. "Ni wewe uliyetuhubiria kwamba mwenye neno na mwenzake aache sadaka yake, aende wakapatane kwanza."

"Hiyo ni kati ya ndugu."

"Na mheshimiwa si ndugu?"

Aliangalia juu, pale mvua inapoingilia.

Msichana nilimkuta nje, nyuma ya jiko, anaosha vikombe vya wageni. Nilidhani nitamkuta analia, nikawa nimeshaandaa maneno ya kumbembeleza. Hakuwa analia. Alikuwa na shida nyingine kabisa.

"Ticha, ile yake bado iko ndani. Mimi nitaweka wapi?"

"Isemee hapa. Mungu anasikia."

Alitikisa kichwa. "Lakini iko yake."

Jumatatu, alipotoka shule, nilifunga cherehani, nikaacha sare za watu zimekatwa nusu, nikamshika mkono tukaenda kwenye ofisi za mji. Beseni lake alikuja nalo, kwani baadaye sokoni kulikuwa kunamsubiri. Langoni alikuwapo askari amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Nyinyi nakuja kulalamika?" aliuliza. "Siku ya malalamiko hapana leo."

"Kulalamika tulimaliza jana," nilisema. "Tumeleta baraka ya mheshimiwa."

Askari alinyoosha shingo akachungulia ndani ya beseni. Kulikuwa na dagaa tu. "Iko wapi?"

Nikamwonyesha msichana. Askari akacheka, si kwa ubaya, akasema mheshimiwa hayupo. Gari lake tulikuwa tunaliona kwenye kivuli, na dereva ndani yake anachokonoa meno. Tukakaa kwenye benchi la ukutani. Watu waliingia na kutoka, wenye bahasha, wenye kuku, wenye fundo usoni. Mimi nilikuwa naupika moyoni ugomvi wangu wote, wa mchungaji, wa mama yule mnong'onaji, wa baba na saluti zake, na kila nilipoliangalia lile gari ulichemka upya. Msichana alikuwa anafukuza nzi.

Jioni gari likawaka. Lango likafunguliwa, askari akakaza mwili akapiga saluti, na mheshimiwa akapita mbele yetu, vioo vyeusi vimepandishwa mpaka juu. Msichana aliteremsha beseni, akasimama kando ya barabara, akainua mkono wa kulia pale pale ulipokuwa umeachwa jana.

"Sasa Mungu akupe miguu mizuri," alisema. "Mahali unakanyaga, isiteleze. Wewe usianguke, na mutu yako hata mumoja asianguke."

Gari likakunja kona likaacha vumbi. Hata breki halikugusa. Msichana akashusha mkono, akanigeukia, akasubiri.

Alikuwa anasubiri amina. Baraka huitikiwa, nilimfundisha mwenyewe, na pale hapakuwa na ukoo mwingine wa kuitikia ila mimi. Nilifungua mdomo. Amina haikutoka. Nilikuwa na vioo vile vyeusi tumboni, na magogo, na mguu ule uliounga upande. Nilijaribu tena, ikakataa.

Hakukasirika. Alinitazama kama bibi alivyokuwa akimtazama aliyenyamaza.

"Ticha, wewe iko na maneno?"

"Niko nayo."

"Basi toa kwanza," akasema, akakaa benchini, beseni likiwa magotini.

Nikaanza na daraja. Yalikuwa mengi, na kabla sijafika nusu askari wa lango alikuwa amevuta kiti chake karibu.