Njia ya Maji

Mama mtafiti tunayeishi naye Ruwais, huku Uarabuni, sisi manesi wa Kenya, haweki kiti chake karibu na mlango hata siku moja. Zamani alichunguza sili, wale wanyama wa bahari wazito kama gari, kwenye visiwa vya baridi kali kusini mwa dunia, na mpaka leo husogea polepole, viganja wazi, kana kwamba bado wanamtazama. “Usimkatie sili njia ya maji,” hutuambia. “Akiiona, hana haja ya kuuma.”

Juzi Metrine, mfanyakazi wa ndani wa jengo la pili, alimtoroka kafili wake, yule mwajiri anayemshikia pasipoti, akaingia kwetu, kisu mkononi. Sisi tukakimbilia kufunga mlango. Mama akaufungua wazi, akaenda kuketi pembeni, sakafuni. “Mlango ule pale, mwanangu. Hakuna wa kukuzuia.” Metrine akautazama sana. Akaweka kisu mezani, akaenda akaufunga mwenyewe.