Kompyuta ya Baba Mkubwa Ilipojaa Wageni

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiisimulia nguvu zinaniisha. Umenipigia simu ukilalamika kwamba kompyuta ya hapo nyumbani ukifungua intaneti inazunguka tu, na unataka uitupe ununue nyingine. Ngoja kwanza nikuandikie. Nimechoka, sitasema haraka, lakini nisikilize.

Nilikuwa binti, nakaa Tunduma kwa baba mkubwa, aliyestaafu kazi ya kutoa mizigo mpakani. Mtu wa Mbozi yule, kakulia kwenye mji wa wakulima wa kahawa ambako aliyebisha hodi hakuachwa mlangoni. Mwanaye wa pekee, dada Neema, aliolewa Lusaka, na wiki ile alikuwa amelazwa. Jumatatu angefanyiwa upasuaji. Mama mkubwa miguu ilikuwa imevimba, basi asingeliweza safari ya kwenda kumwona. Wakakubaliana waonane kwa kompyuta, Jumamosi jioni.

Jioni ikafika. Neema akatokea paji la uso tu, limeganda. Sauti ikaja, "Ma...", ikakatika. Mashine ikaunguruma kama lori lililobeba shaba likipanda mlima, kisha kioo kikawa cheupe. Mama mkubwa alikuwa amevaa kitenge chake kizuri kwa ajili ya mwanaye. Akabaki amekaa hivyo hivyo.

"Ni mtandao wa Zambia huo, unaingiliana na wetu!" baba mkubwa akafoka. Sisi wa mpakani ndivyo tulivyo. Simu zetu hudaka minara ya ng'ambo, basi kila kitu kikikwama tunamsingizia Mzambia wa watu. Akahamisha kile kiboksi cha intaneti dirishani, akakipandisha juu ya kabati, akakirudisha dirishani. Jirani naye akaja kusema kompyuta imezeeka, inunuliwe mpya. Mchagua jembe si mkulima, mwanangu.

Walipochoka kuhangaika, nikakaa mimi. Jamani! Kila ukurasa aliowahi kuufungua mzee ulikuwa bado wazi: kwacha ya Zambia imefika ngapi, bei ya kahawa, mahubiri, dawa za mgongo. Aliogopa kufunga, asije akaukosa ukurasa mtandao ukikatika. Na kila kisanduku kilichojitokeza kumwomba ruhusa, yeye alibofya ruhusu. Vikorokoro vya kutafuta, vya kupunguza bei, vya hali ya hewa, vyote vimejibandika kwenye kivinjari na vinakula nguvu ya mashine mchana kutwa.

"Baba, hivi vyote ulivikubali vya nini?"

"Sasa nimkatalie mtu aliyeomba vizuri?"

Nilitaka kucheka. Mama mkubwa hakucheka. Alisema polepole, bila kumtazama, "Baba Neema, umekaribisha kila mtu humo ndani, mwanao amekosa pa kukaa."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee alilijua hilo tangu utoto, ila hakudhani linahusu mashine.

Nikafunga kurasa zote, zile anazozihitaji kweli nikaziwekea alama azipate baadaye. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaondoa vile vikorokoro, nikazinyima tovuti ruhusa ya kutuma matangazo, nikafuta mabaki ya kurasa za zamani. Manenosiri yake sikuyagusa. Nikasasisha kivinjari, nikaizima mashine, nikaiwasha. Haikuwa kazi kubwa, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili baada ya ibada Neema akatokea mzima, uso wote.

"Mama, umekonda."

"Nani, mimi? Wewe hapo unakula?"

Wakacheka. Akamwuliza baba yake kama mibuni imechanua, akasema anaitamani harufu yake. Wakaongea mpaka muuguzi akaja kumwambia apumzike.

Jumatatu aliingia chumba cha upasuaji, hakuamka.

Tulipotoka kuzika, baba mkubwa aliniita nje. "Tulipewa siku mbili," akasema. "Moja nimeipoteza nikihangaika na dirisha." Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu huyu nimemwona akimzeesha mtu.

Kwa hiyo usinunue kompyuta nyingine. Funga usivyovitumia. Ondoa ulivyovikubali kwa haya. Kisanduku kikikuomba ruhusa na hukijui, kikatae, hakina moyo wa kuumia. Na usingoje siku ambayo mtu wako anakuhitaji ndipo uanze kusafisha. Fanya leo, ukimaliza kusoma haya. Hata watu, mwanangu, si kila anayeomba muda wako umpe. Mimi nimewapa wengi, ndiyo maana unaniona nimechoka hivi.

Mungu akutunze. Akupe mikono isiyoahirisha, na unaowapenda akujalie uwasikie mpaka mwisho wa maneno yao.