Honi ya Lori Ukweni Kwedizinga

Jamani, leo nimeingia ukweni kama lori la mkaa!

Jana nilifunga honi ya lori kwenye pikipiki yangu, nyuma ya nyumba hapa Manundu, vifaa nimevitandaza kwenye kichanja cha vyombo cha mama. Fundi wa nini? Mimi utingo wa malori, niliyefika mpaka Tunduma! Nikapasha msumari kwenye jiko, nikachomelea nyaya. Ikalia, nikajipigia makofi.

Kumbe waya wa honi nimeuunga na wa taa ya breki.

Leo naenda Kwedizinga kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Njiani namwona mzee, napunguza mwendo nimpe shikamoo.

POOOO!

Mzee karuka na jembe lake. "Unanipigia honi mimi, wee mtoto?"

Nafika ukweni, nabana breki. POOOO! Kuku wakatawanyika, baba mkwe akamwaga chai.

"Ndiye huyu?"

Nikajua mke nimemkosa.

Mama mkwe akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Mwache, baba. Yule mchumba wa kwanza alikuja kimya kimya, akaondoka kimya kimya. Huyu hata akitoroka tutamsikia."

Sasa semeni, niirekebishe au niiache mpaka harusi?