Protini Iliyokataa Kuonekana

Siku yangu ya kwanza katika maabara ile ya Kisumu, Profesa alinifundisha kubana pumzi. Unyevu wa ziwa unatosha kutusumbua, alisema, hatuhitaji na wa mapafu yako. Nilikuwa fundi wa kupima damu, nimehamishwa kutoka zahanati ya Luanda Kotieno, na nilidhani ananitania.

Hakunitania. Tulikuwa tunatafuta umbo la protini moja ndogo, ile inayokisaidia kimelea cha malaria kung'ang'ania chembe nyekundu za damu. Ukilijua umbo, unaweza kutafuta dawa ya kuiziba. Tuliweka tone la protini juu ya gridi, yaani kisahani cha chuma chenye vitundu visivyoonekana kwa macho, tukapunguza maji kwa karatasi, kisha tukaitumbukiza kwenye baridi kali ili tone ligande kabla halijafanya chengachenga za barafu. Ukipumua karibu, mvuke wako unageuka theluji na kazi imeharibika. Gridi zilisafirishwa ng'ambo ndani ya mtungi wa naitrojeni ya maji, inayozihifadhi katika baridi hiyo, kwa sababu hadubini kubwa ya elektroni hatukuwa nayo.

Miaka ikapita, picha zikirudi kijivu kitupu.

"Mama, hii kitu ni ndogo sana," Profesa aliniambia. "Hiyo machine haiwezi kuitofautisha na barafu. Tuifunge kwa protini kubwa, vile unafunga mtoto leso nyekundu asipotee Otonglo siku ya soko."

Tukaifunga. Picha ziliporudi, Mkurugenzi wa maabara alituita ofisini. Ile kubwa ilionekana vizuri, kila mkunjo. Yetu ilikuwa ukungu pembeni. Hadubini hupiga picha maelfu kisha kompyuta huzilaza moja juu ya nyingine, na kiungo kati ya protini hizo mbili kilikuwa kimelegea, kwa hiyo protini yetu ilicheza huku na huku mpaka ikafutika.

"At least tumeona kitu," Mkurugenzi alisema.

"Tumeona leso," Profesa akajibu. Sijawahi kusikia sauti ya mtu imechoka namna ile.

Tulikaza kiungo, tukagandisha gridi mpya, nzuri kuliko zote. Zikiwa bado mtungini wafadhili wakaondoka, Profesa akafariki, na mimi nikafikisha umri wa kustaafu. Niliporudi kuulizia, nilikuta mtungi mkavu. Hakuna aliyeagiza naitrojeni. Gridi iliyoyeyuka haigandishwi tena, ni takataka. Nililia pale pale, mbele ya walinzi.

Vijana huniuliza kama najivunia kazi yangu. Niseme nini? Wengine watalipata umbo hilo siku moja, nami nitafurahi kama nitakuwa hai. Lakini umri wangu umekwisha nikiwa mikono mitupu, na hilo linaniuma.

Wiki hii niko Asembo Bay na mjukuu wangu, Akinyi, anayetetemeka kwa malaria.

"Dani, si wewe ulikuwa unafanya kazi ya malaria?"

"Ndiyo, mimi nyanya yako niliifanya."

"Ile kitu mlikuwa mnatafuta, inakaa aje?"

Nikamvutia blanketi hadi shingoni, nikamwambia umbo lake silijui.