Mwenye Gari

Magari kumi na moja yalikuwa yamepita mikononi mwa Kavutha, na hakuwa ameendesha hata moja.

Kazi yake ilikuwa kusimama. Mumewe Kiilu akipata gari kuukuu, alitengeneza panapoonekana, akaliosha, kisha akatangaza kwenye simu kwamba linauzwa na mama mmoja wa Mutuini anayelitumia kwenda kanisani Jumapili tu. Mnunuzi alimkuta Kavutha uani amevaa gauni la ushirika wa akina mama, mkoba kwapani, ufunguo ndani ya mkoba. Watu wa Nairobi hupenda gari la mwanamke, huamini halikukimbizwa. Kiilu alisema yote. Kavutha alitabasamu na kufungua mkoba.

La kwanza ndilo lililokuwa lake kweli. Miaka tisa alisuka nywele Kenyatta Market, na vidole hivyo ndivyo vilivyolinunua. Kiilu alileta karatasi, akamwonyesha pa kutia sahihi, naye akaandika jina lake, neno pekee analojua kuandika. Baadaye wenzake wa saluni wakamsomea. Alikuwa ametia sahihi kama shahidi. Gari lilikuwa la Kiilu. Likauzwa, likazaa lingine, na hilo likazaa lingine. Vidole vikakakamaa kwa baridi yabisi, kiti chake cha saluni kikapata mtu mwingine, na nyumba ya Mutuini ina jina la Kiilu kama kila kitu kilichomo.

Kitu kimoja tu hakikuandikwa jina la Kiilu, nacho ni sikio. Hakuna aliyemfundisha Kavutha. Kiilu alihitaji mtu wa kuegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, huku yeye akikanyaga mafuta. "Inalia wapi?" aliuliza, naye akamwambia. Mlio mwepesi wa juu, kama cherehani, ni vali zinazotaka kukazwa. Kinachopiga yowe kikanyamaza ukikinyunyizia maji ni mshipi wa injini. Kinachogonga chini kwa uzito, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili, hicho usikinunue. Kufikia gari la tano Kiilu hakununua kitu kabla Kavutha hajainama. Kwa watu alisema, "Mimi Mungu alinipa masikio."

La kumi na mbili lilikuwa kigari cheupe. Asubuhi, injini ikiwa baridi, kilikwaruza ndani kama mtu anayekokota mnyororo wa mbwa kwenye sufuria. Kavutha alihesabu hadi nne, kikatulia.

"Ni cheni ya ndani," alimwambia Kiilu. "Imelegea. Siku ikiruka jino, vyuma vitagongana humo ndani na injini imekufa."

"Kama ile ya Hannah," akasema Kiilu, akaenda kunawa mikono.

Hannah aliimba kwaya pamoja na Kavutha. Gari alilouziwa lilimfia barabarani watoto wakiwa ndani, magari ya nyuma yakimpigia honi. Hakuja kugombana. Jumapili moja tu, nje ya kanisa, alimwambia, "Mama Syokau, mume wako nilijua ni dalali. Mimi niliamini wewe." Tangu siku hiyo Kavutha hukaa kiti cha nyuma kabisa kanisani.

Dawa ya Kiilu kwa cheni ilikuwa moja. Saa moja kabla mnunuzi hajafika, aliwasha injini ikanguruma mpaka ikapata moto sawasawa, maana ikiwa moto hailii.

Mnunuzi alifika Jumamosi moja ya Julai, saa tatu asubuhi, ukungu ukiwa bado kwenye mahindi. Aliitwa Namalwa, mama mnene mcheshi anayepika chakula cha mchana Parklands na kukipeleka maofisini kwa bodaboda.

"Sikuleta fundi," alisema akimshika Kavutha mkono. "Niliambiwa ni gari ya mama mwenzangu, nikasema basi, tutaelewana."

Mkono wa Kavutha ukabaki ndani ya ule mkono.

"Mama Syokau, toa funguo," akasema Kiilu. "Mama awashe, asikie injini ilivyo tulivu."

Kavutha alitia mkono mkobani. Ufunguo ulikuwa pale, chini ya kitambaa. Akatoa mkono mtupu.

"Mgeni hajakula."

"Atakula baadaye. Ana haraka zake."

"Leo sina haraka," akasema Namalwa. "Kila siku napikia watu, hakuna anayenipikia mimi."

"Gari ni yangu, Baba Syokau," akasema Kavutha polepole, "na mgeni ni wangu. Mtu haondoki na gari yangu na njaa."

Kiilu alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba gari si lake? Akacheka. "Hawa Wakamba na chakula chao."

Muthokoi ilikuwa bado mbichi. Mahindi na maharagwe yaliyolowekwa kwa ajili ya Jumapili ndiyo kwanza yanawekwa kwenye jiko la makaa. Si chakula cha kuharakisha. Kiilu alimfuata jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Unafanya nini?"

"Napika."

"Imebakisha dakika ngapi?"

"Muthokoi haina dakika."

"Leta hiyo funguo."

Kavutha akapaza sauti kuelekea sebuleni. "Mama, unakula pilipili?"

"Weka, dada, usinihurumie," akajibu Namalwa. Mkono wa Kiilu, uliokwisha kuinuka, ukashuka.

Hapakuwa na ufunguo wa pili. Kupitia dirishani Kavutha alimwona Kiilu mara tatu akienda kuweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayepima homa ya mtoto, na kila mara kiganja kikikaa zaidi, moto ukiisha.

Walikula saa saba. Namalwa aliongeza mara mbili, akasifu, akaeleza vile maofisa wa mjini wanavyorudisha chapati kwa kuwa si duara. Kiilu hakumaliza sahani. Kisha wakatoka, na Kavutha akampa Namalwa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe.

Injini ilishika mara moja. Mnyororo ukakokotwa kwenye sufuria, moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha kimya.

"Ni baridi tu," akasema Kiilu. "Gari yoyote hulia Julai."

Namalwa alizima. Hakumtazama Kiilu. "Mama, sauti hii unaijua?"

"Ni cheni ya ndani. Ikiwa moto haijapona, imejificha tu. Itakuzimikia barabarani."

"Na umeenda nayo kanisani hivyo?"

"Sijui kuendesha gari," akasema Kavutha.

Namalwa alishuka taratibu, akafunga mlango wa gari bila kuubamiza. Langoni alimshika tena mkono, akanong'ona, "Sasa wewe utabaki aje?"

"Nitaosha vyombo."

Kiilu hakumpiga. Alichukua ufunguo, akachukua mkoba, akaanua gauni kwenye kamba. Wa kujifanya mwenye gari sasa angekuwa Jacklyne, binti wa dada yake anayekaa Parklands, mwenye kucha ndefu na leseni. Mnunuzi mwingine angeonyeshwa gari huko huko, Jumamosi iliyofuata, na Kavutha angebaki jikoni. Ili asisahau, Jumamosi hiyo saa kumi na mbili asubuhi Kiilu alitia komeo la nje kwenye mlango wa mabati wa jikoni, Kavutha akiwa ndani anawasha makaa.

Kisha akawasha injini. Kavutha aliegemeza sikio kwenye mabati, akahesabu. Tisa. Na katikati ya saba na nane palikuwa na mruko mdogo, kama mtu aliyekosa ngazi.

Hatua za Kiilu zikaja mpaka mlangoni. Safari ya Parklands ni ndefu, na masikio aliyopewa na Mungu yalikuwa upande ule mwingine wa komeo.

"Mama Syokau," akaita kwa sauti ya chini, ile ya zamani. "Umeisikia? Ikoje leo?"

Kavutha alitazama vidole vyake.

"Iko sawa," akasema. "Imetulia. Nenda tu."

Alilisikiliza gari likipanda barabara ya murramu, likipita kanisa, mpaka likachanganyika na mengine kwenye lami. Akajaribu mlango. Ulikuwa vilevile. Basi akavuta sufuria kubwa, akapima mahindi na maharagwe, akabandika muthokoi, maana siku ilikuwa ndefu na Kiilu angechelewa kurudi.